Kipa Hapigi Magoti

Saimi Rautio alikuwa amebana pini kwa meno Ovila Gauvreau aliposukuma mlango wa duka lake la ushonaji, akaingia na theluji mabegani.

"Funga mlango," alisema bila kufungua kinywa. "Unanipozea jiko."

Ovila akafunga, akavua kofia. Akasimama palepale aliposimama siku ya kwanza, mwezi wa kumi, alipoleta fulana yake ya hoki ya barafuni imechanika begani na kuuliza kwa Kiingereza kibovu kama humu kuna mtu wa kushona kitu kikashoneka. Saimi alimjibu kwa Kiingereza kibovu zaidi kwamba humu hakiingii kitu kikatoka bila kushoneka. Wakacheka, Mfaransa wa Kanada na binti wa Kifini, kila mmoja akikicheka Kiingereza cha mwenzake, na mambo yakaanzia hapo. Tangu siku ile fulana ya Ovila ilichanika kila wiki. Mama Penrose, mjane kutoka Cornwall, Uingereza, aliyekuwa mwenye nyumba, ambaye chini alimpangisha Saimi na juu akawapangisha wachezaji, alisema maishani mwake hajaona kitambaa kinachopenda sindano kama kile.

"Leo imechanika wapi?" Saimi akauliza.

"Leo haijachanika." Ovila alitabasamu, lakini macho yake hayakushiriki. "Nimekuletea habari. Jumatatu naanza kazi."

"Kazi gani? Kazi si unayo?"

"Kazi ya kweli. Mgodini, shimo la kaskazini. Nimeshaongea na msimamizi, amenikubali. Jioni hii nacheza na timu ya Menard, halafu nawaaga wenzangu."

Saimi akazitoa pini mdomoni moja moja, akazichoma kwenye kifuko chake. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye nywele rangi ya shayiri iliyoiva na shingo iliyonyooka kiasi kwamba wake wa wasimamizi wa mgodi, waliokuja kushonesha kwake, walijikuta wakijinyoosha na wao mbele ya kioo. Hakupandisha sauti. Hasira yake haikuwa ya kelele.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna aliyenituma."

"Ovila."

Akaizungusha kofia mikononi. "Baba yako. Nilimsubiri juzi akitoka zamu. Nikamwambia, mzee Rautio, namtaka binti yako kwa heshima zote. Akaniangalia kuanzia utosini mpaka kwenye viatu. Akasema mwanamume anayelipwa kwa kucheza hana tofauti na dubu wa sarakasi. Nikitaka kuongea naye, nishuke kwanza chini nifanye kazi ya wanaume. Basi, nashuka."

Mji mzima wa Calder ulikuwa na neno juu ya wachezaji wa kulipwa. Ligi ilikuwa changa, huu ukiwa msimu wake wa pili tu, na miji ile ya shaba huko kaskazini mwa Michigan ilikuwa bado haijaamua kama watu hawa walioletwa kwa treni kutoka Kanada ni mashujaa au wahuni. Jumamosi walibebwa mabegani. Jumapili, makanisani, walisemwa. Na katika kanisa la kina Rautio, Walutheri wa Kifini waliokataza densi, kamari, na hata mapazia madirishani kwa kuwa pazia ni majivuno, hoki ya kulipwa haikuhitaji hata kujadiliwa.

Lakini si hayo aliyoyafikiria Saimi. Kaka yake Eino alishuka shimo lile la kaskazini asubuhi moja, theluji ikiyeyuka na maji yakiimba kwenye mifereji, akapandishwa jioni amefunikwa turubai.

"Mbona hutabasamu?" Ovila akauliza. "Nilidhani utafurahi."

"Nifurahie nini?"

"Tutaoana! Nimekubali masharti ya baba yako. Nafanya hivi kwa ajili yako, Saimi."

"Uliniuliza?"

"Nikuulize nini? Ni mimi ninayeshuka."

"Na ni mimi nitakayesimama juu ya shimo kila jioni nikihesabu vichwa vinavyotoka. Hukuniuliza." Akaweka mikono juu ya meza ya kukatia. "Hebu niambie. Huko uwanjani, kipa akipiga magoti ili azuie kile kisahani cha mpira mnachokipiga, refa hufanya nini?"

Ovila akakunja uso. "Humtoa nje. Unajua hivyo, nimekwambia mwenyewe. Ndiyo sheria. Apigwe kifuani, apigwe usoni, kipa husimama."

"Basi mimi nilimpenda yule anayesimama. Huyu aliyepiga magoti mbele ya baba yangu simfahamu."

Aliona maneno yalivyomwingia. Uso wa Ovila ulipanda damu, kovu la nyusi likabaki jeupe.  Kisha akaivaa kofia yake taratibu.

"Wewe unajuaje kama nasimama?" akasema. "Hujawahi kuniona nikicheza."

"Unajua kanisa letu..."

"Najua kanisa lenu. Tangu msimu uanze nasimama golini nikitazama viti. Tremblay ana mke wake pale. Hodge ana mchumba wake, anampungia kitambaa mpaka tunamcheka. Mimi nina nani? Unanipenda humu ndani, Saimi, kati ya jiko na cherehani. Nje ya mlango huu ukikutana nami barabarani unatazama theluji. Miezi yote hii! Halafu unaniambia mimi ndiye niliyepiga magoti?"

Mlango ukafungwa. Haukubamizwa, na hilo ndilo lililouma zaidi.

Saimi akarudi kwenye gauni alilokuwa akikata. Mkasi haukutii. Alipoinua macho, Mama Penrose alikuwa kwenye mlango wa nyuma, amejaa mlango wote, mikono ina unga.

"Nilikuwa napita tu," alisema Mama Penrose.

"Umepita kwa muda mrefu, mama."

"Kuta za nyumba hii nyembamba, mwanangu, na mimi sikuzijenga." Akafuta mikono kwenye aproni. "Kijana ana kiburi yule."

"Na mimi je?"

"Wewe? Chako ungekiuza sokoni kwa vibaba, mji mzima ukanunua, na bado kingebaki cha kulia mkate." Akageuka aende zake, kisha akasita. "Lakini kakwambia kweli. Na wewe umemwambia kweli. Sasa mnikumbushe, mnagombania nini?"

*

Nyumbani kwa kina Rautio kahawa ilikuwa mezani na jua la baridi lilikuwa linaingia bila kizuizi kwenye madirisha yasiyo na mapazia. Heikki Rautio, baba yake, alikuwa amekaa kwenye mwisho wa meza na Biblia iliyofunguliwa. Alikuwa fundi wa nguzo. Huko chini, mahali ambapo wengine walichimba na kuondoka, yeye alibaki akisimamisha magogo ili mlima usiwaangukie watu. Miaka ya kubeba magogo ilikuwa imempa mikono kama mabeleshi. Mama yake, Hilma, alikuwa akimimina kahawa.

"Isak Niemelä anakuja kesho baada ya ibada," alisema mama bila kumtazama. Isak alikuwa mgane aliyetafuta mke, mwenye shamba na ng'ombe wengi, mtu mwema, mwenye mazungumzo ya ng'ombe tu. "Nimeoka mkate wa iliki."

"Baba," Saimi akasema, hata kabla ya kuvua koti. "Ulimwambia Ovila Gauvreau ashuke mgodini?"

Heikki akaweka kidole kwenye mstari aliokuwa akisoma. "Nilimwambia afanye kazi."

"Ana kazi."

"Ana mchezo. Mtu mzima na viatu vya chuma, anakimbizana na kipande cha mpira, na watu wanalipa kutazama. Hayo ni majivuno, Saimi. Majivuno ya wanaotazamwa na majivuno ya wanaotazama."

"Na ukimshusha shimoni ataacha majivuno?"

"Atajua mkate unatoka wapi."

"Eino alijua mkate unatoka wapi."

Birika likagonga kikombe. Jina lile lilikuwa halitajwi mezani. Lilikuwa kwenye picha ukutani na kwenye kiti kimoja kilichosukumwa kila siku chini ya meza na hakivutwi.

"Usimlete kaka yako kwenye jambo hili," Heikki akasema polepole.

"Simleti mimi. Ni wewe uliyemwita mwingine ashuke shimo lilelile. Shimo lile limeshamchukua kaka yangu, baba. Siliongezei na mume." Akafunga kifungo cha juu cha koti. "Jioni hii nakwenda uwanjani."

"Binti wa nyumba hii hakanyagi mahali pale."

"Basi jioni hii atakanyaga."

"Watu wote watakuona."

"Ndiyo sababu naenda."

Baba na binti wakatazamana. Macho yalikuwa yaleyale pande zote mbili, ya kijivu, yasiyojua kupepesa. Hilma aliwatazama mmoja baada ya mwingine kama mtu anayetazama kioo na kivuli chake.

"Majivuno haya umeyatoa wapi?" Heikki akauliza.

"Hapo mezani, baba. Nimekula nayo tangu utotoni."

Akatoka. Alikuwa ameshafika ngazini aliposikia nyayo nyuma yake. Mama yake alikuwa ametoka bila koti, ameshika shali yake ya sufi nyeupe, ile ya ibada kuu, aliyoifuma mwenyewe kabla ya kuvuka bahari. Akamzungushia Saimi mabegani, akamfunga fundo mbele kama anamfunga mtoto.

"Kule kuna baridi," alisema tu, akarudi ndani haraka.

*

Uwanja wa barafu wa Calder ulinguruma kama kiwanda. Bendi ya wachimbaji ilikuwa ikipiga tarumbeta zilizopasuka kwa baridi, moshi wa sigara ulikuwa umetanda chini ya taa za umeme, na watu walijazana mpaka kwenye maboriti. Menard ndio waliochukua kombe msimu wa kwanza, na walikuja na treni nzima ya mashabiki kuja kulilinda.

Saimi alipoingia na shali ile nyeupe, minong'ono ilimtangulia. "Si binti wa Rautio yule?" "Rautio yupi, yule mshika dini?" "Haya, mwisho wa dunia umefika, kunyweni upesi." Alikwenda hivyohivyo, shingo juu, mpaka benchi la mbele kabisa nyuma ya goli la Calder, pale pasipo na mahali pa kujificha, akaketi.

Wachezaji wakaingia, saba kwa saba. Ovila alikuwa wa mwisho, miguu imefungwa mapedi mazito, kichwa wazi, uso wazi. Aliteleza mpaka golini akiwa ameinamisha macho, akagonga mwamba mmoja kwa gongo lake, akageuka agonge wa pili, akamwona.

Akasahau kugonga mwamba wa pili.

Hawakupungiana. Hawakutabasamu. Saimi alimtazama tu, mbele ya mji mzima, na Ovila alimtazama, na yale waliyoambiana mchana yakawa bado yapo lakini yamekuwa madogo, kama nyumba zinavyokuwa ukiwa juu ya kilima. Kisha refa akapiga filimbi, na Ovila akageuka kuukabili uwanja. Saimi aliona mgongo wake ukinyooka.

Hakuwa amewahi kufikiria kwamba ingekuwa kasi vile. Alikuwa amezoea kusikia habari zake dukani, kwa utani, fulana ikiwa juu ya meza. Sasa aliona watu wakija juu ya barafu kama farasi waliokata kamba, na kile kisahani cheusi, kigumu kama jiwe, kikiruka bila kuonekana mpaka kikutane na kitu. Mara nyingi kilikutana na Ovila. Kifuani, begani, gotini. Kila mara sauti ilikuwa kama ya mtu anayepiga zulia, na kila mara alibaki wima.

"Chujio!" mashabiki wa Menard walipiga kelele nyuma ya Saimi. "Wewe chujio! Unapitisha hata mawe!"

"Mfaransa! Mlango wazi, baridi inaingia!"

"Funga mlango, chujio!"

Menard walifunga la kwanza, Calder wakarudisha. Menard wakafunga la pili, na Tremblay akakata uwanja mzima peke yake akarudisha tena, bendi ikaanza nyimbo mbili tofauti kwa wakati mmoja. Nusu ya kwanza ikaisha mbili kwa mbili.

Ni wakati wa mapumziko hayo, watu wakinunua mikate ya nyama na kupitishiana chupa, ambapo Saimi alihisi kelele nyuma yake zinapungua. Akageuka. Baba yake alikuwa anashuka ngazi katikati ya watu, amevaa koti lake jeusi la kanisani, kofia mkononi, hatazami kushoto wala kulia.

Akafika. Akasimama mbele yake.

"Nyumbani," alisema kwa Kifini.

"Mchezo ukiisha, baba."

"Saimi. Nyumbani."

"Nitakuja kwa miguu yangu mchezo ukiisha. Ukitaka nije sasa, itabidi unibebe. Na nitapiga kelele."

Jamaa mmoja wa Menard, uso umeiva kwa pombe, akasimama juu ya benchi la nyuma. "Mzee!" akaita kwa Kiingereza. "Mwache mtoto apate riziki! Chujio lile linahitaji mtu wa kuliosha baada ya mechi!" Wenzake wakacheka. Akapata moto. "Kumbe hawa Wafini wa kanisani nao huleta binti zao mnadani! Anaanzia bei gani, mzee?"

Heikki Rautio alikuwa haongei Kiingereza sana. Lakini alikisikia chote. Miaka ishirini ya kufanya kazi gizani na Wacornwall, Wakroati na Waitalia ilikuwa imemfundisha kusikia.

Aligeuka. Hakuharakisha. Aliiweka kofia yake kwenye benchi, kando ya binti yake, kwa uangalifu kama anaiweka madhabahuni.

"Huyu ni binti yangu," akasema kwa Kiingereza kizito, neno moja moja, kama mtu anayepanga magogo. "Ana jina. Jina ni Saimi Rautio. Wewe shuka hapa, useme tena. Hapa. Karibu."

Jamaa akatazama ile mikono. Akatazama wenzake, ambao ghafla walikuwa wamevutiwa sana na mikate yao. Akaketi.

"Nilikuwa natania, mzee."

"Mimi sitanii," Heikki akasema.

Filimbi ikalia. Watu wakarudi mahali pao. Saimi alidhani sasa baba atachukua kofia yake aende. Hakwenda. Alisimama palepale kando ya benchi lake, miguu imepanuka, mikono imefumbatwa kifuani, amewakabili watu. Mgongo wake ameupa uwanja.

"Baba, keti," Saimi akanong'ona.

"Siketi. Mimi sitazami upuuzi huu."

"Sasa unafanya nini?"

"Nimesimama na binti yangu. Hakuna atakayesema alikaa hapa peke yake."

Saimi akageuza uso haraka, akatazama barafu, na kwa muda hakuona kitu ila mwanga uliotapakaa.

Nusu ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza. Menard walikuwa na jitu lao, Mjerumani aitwaye Kessler, ambaye hakupita kando ya watu, alipita katikati yao. Kila alipopata kisahani uwanja ulisimama, na kila uwanja uliposimama mabega ya Heikki yalikaza.

"Kelele hizo ni za nini?" akauliza mwishowe, macho mbele.

"Wamekaribia goli letu."

"Letu?"

"Letu, baba."

Akakohoa. Baada ya kitambo: "Na sasa?"

"Amezuia."

"Hm," alisema Heikki Rautio.

Kisha Tremblay akafunga la tatu, na hata Saimi alijikuta amesimama, amemshika baba yake mkono, anapiga kelele za lugha asiyoijua. Heikki alimwacha auvute mkono wake. Hakugeuka.

Muda ulikuwa umebaki mdogo Kessler alipopokea kisahani kwenye mstari wa kati, akaja. Alimpita Hodge, akamwangusha mwingine. Akiwa karibu kiasi cha Saimi kuona jasho kwenye masharubu yake, akakipiga kwa nguvu zake zote, na kisahani kikainuka.

Sauti yake haikuwa ya zulia safari hii.

Uwanja wote ukanyamaza. Bendi ikanyamaza. 

"Kuna nini?" Heikki akauliza. "Saimi. Mbona kimya?"

Saimi alikuwa ameishika shali kwa mikono miwili, macho barafuni.

"Saimi!"

"Amepigwa usoni, baba. Damu... damu imejaa barafuni."

"Ameanguka?"

Ovila alikuwa ameshika mwamba wa goli kwa mkono wa kushoto. Magoti yake yalikunjika kidogo, yakatikisika, na Saimi aliona, wazi kama anavyoona tundu la sindano, mahali ambapo mwili wake ulitaka kwenda. Ovila akaukatalia. Inchi kwa inchi, akiuvuta mwamba, akanyooka.

"Hapana," Saimi akasema. Machozi yalikuwa yanamtiririka, hakuyafuta. "Hajaanguka. Amesimama."

Heikki akamwinamishia sikio. Kisha, kwa sauti ya chini: "Bado?"

"Bado amesimama."

Daktari akaletwa, mchezo ukasubiri kama ilivyokuwa desturi, kwa maana hakukuwa na kipa mwingine. Wakamshona shavu kwenye benchi la wachezaji, na alipotoka tena na ule uzi mweusi usoni, hata mashabiki wa Menard walivua kofia. Hakuna aliyeita chujio. Kessler mwenyewe alipita golini akamgusa bega. Kilichobaki cha mchezo Menard walikuja kama mafuriko, na kila walipokuja walimkuta mtu wima. Filimbi ya mwisho ilipolia, Calder walikuwa na tatu na mabingwa walikuwa na mbili.

*

Watu walikuwa bado wanaimba Ovila alipotokea kwenye mlango wa vyumba vya wachezaji, koti juu ya fulana yenye damu, shavu limevimba. Wenzake walitaka kumbeba. Akawakwepa. Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye benchi lile la mbele.

"Umekuja," akamwambia Saimi.

"Nimekuja. Kwa mlango mkubwa." Alitaka kuligusa lile shavu, mkono ukamwishia njiani. "Ulichoniambia mchana kilikuwa kweli."

"Na ulichoniambia wewe." Ovila alijaribu kutabasamu, uzi ukamkataza. Kisha akamgeukia Heikki, ambaye sasa, barafu ikiwa tupu, alikuwa amegeuka. Ovila akavua kofia.

"Mzee Rautio. Jumatatu sitashuka mgodini. Nilikuahidi, na ninaivunja ahadi hiyo mbele yako, si nyuma yako. Mimi ni kipa. Siku nikizeeka nitatafuta kazi nyingine, siogopi kazi. Lakini leo kazi yangu ni hii, naijua na ninaifanya vizuri. Ukininyima binti yako, ninyime hivi nilivyo."

Heikki alimsogelea. Alitazama ule uzi mweusi, mishono mibovu ya daktari aliyekuwa na haraka.

"Ungeshuka," alisema, "ungekuwa zamu yangu. Chini ya nguzo zangu." Akatazama mikono yake. Saimi hakuwahi kumwona baba yake akitafuta neno. "Nguzo zilizokuwa juu ya Eino niliziweka mimi. Zilikuwa nguzo nzuri. Nilizipima mara mbili."

"Baba..."

"Zilikuwa nzuri, Saimi." Akaivuta pumzi mpaka chini. Kisha akamwambia Ovila: "Usishuke."

Ovila akainamisha kichwa. Hakusema asante. Aliona si mahali pa asante.

"Isak Niemelä nitampelekea habari mwenyewe asije kesho," Heikki akaendelea, sauti yake ikirudi mahali pake. "Atasikitika. Lakini ana ng'ombe. Wewe ni Mkatoliki?"

"Ndiyo, mzee."

"Hilo ni baya kuliko hoki."

"Najua, mzee. Na mama yangu huko Kanada anasema hivyohivyo juu yenu."

Kitu kilitikisika kwenye pembe ya mdomo wa Heikki, kikazuiwa. "Basi mama yako ni mtu mwenye msimamo. Sikiliza. Mimi sitaingia kanisani kwenu. Na kwetu hawatawafungulia. Baraka ya kanisa siwezi kukupeni, si yangu kuitoa. Na sitasema uongo kwamba nimefurahi."

"Sikuombi baraka, baba," Saimi akasema. Alisimama, shali nyeupe mabegani, na kwa urefu alikuwa sawa na wote wawili. "Wala sikuombi ufurahi. Siku hiyo nataka nitembee barabarani nikiwa nimekushika mkono, watu wakiona. Unipeleke mpaka mlangoni."

"Mpaka mlangoni tu."

"Mlangoni panatosha."

"Ndani utaingia mwenyewe."

"Nitaingia mwenyewe."

Heikki Rautio akachukua kofia yake kwenye benchi, akapangusa vumbi lisilokuwepo, akaivaa. Kisha akautoa mkono wake, ukiwa umekunjwa kwenye kiwiko, ule mkono kama beleshi, akausubirisha hewani bila kumtazama mtu.

"Hebu tujaribu tuone," alisema. "Hatua zako ni ndefu mno. Utaniaibisha."

Saimi akaushika. Kwa mkono wa pili akamshika Ovila. Mlango mkubwa ulikuwa umejaa wachimbaji, wapiga tarumbeta, mabibi wenye mikate, mashabiki wa Menard wanaokimbilia treni yao. Akawapeleka wote wawili katikati yao, na watu wakapisha.